Sinema ya Lori

Usiku wa Ufipa una baridi, na mtu aliyekulia Sumbawanga ajua utamu wa kukaa motoni na wenzake na kusikiliza hadithi. Hadithi ya kuchekesha, ukiisikia peke yako, yapoteza nusu ya utamu wake. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa sinema, ilipoanza kuletwa vijijini kwa lori.

Mwaka wa 1935 Wazungu wawili, Notcutt na Latham, walianza kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa msaada wa fedha za Marekani. Kazi hiyo ilipokoma mwaka wa 1937, filamu zilikuwa 35. Nyingi zilitengenezwa ili kufundisha: habari za safura, za malaria, za kuweka akiba posta. Waliozicheza walikuwa Waafrika wenyewe. Lori lilizipeleka Tanganyika, Kenya, Uganda, hata Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo.

Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno, ya Kiswahili na ya lugha nyingine, yalitiwa katika santuri, nayo ikapigwa picha zikienda. Basi, msimulizi wa motoni hunyamaza kwanza, watu wacheke. Lakini santuri haijui kungoja. Watu wakicheka, yenyewe yaendelea kusema, na fundisho lapotelea katika kicheko. Wala mtazamaji hana habari: amekwisha kumgeukia jirani yake gizani, aone kama naye ameona.