Priseti haimjui mama wa Mahama

Wiki hii kwenye kundi letu hapa Kigali tumebishana sana juu ya kitu ambacho wengi wanakiona kidogo: ukimaliza kurekodi odio, unaigeuza vipi kuwa MP3? Wengine wanasema bonyeza priseti, kazi imeisha. Wengine wanasema fundi wa kweli anapanga kila kitu kwa mkono. Mimi naona pande zote mbili zimemsahau mtu mmoja, yule atakayeipokea.

Kwanza tuelewane. Odio ambayo haijabanwa, ile WAV yenye ubora wa CD, dakika 10 tu ni karibu MB 106. Nani kambini ataifungua? Ndiyo maana kuna enkoda, programu inayobana odio kwa kutupa vitu ambavyo sikio letu halivishiki vizuri, kwa mfano sauti ndogo iliyofunikwa na sauti kubwa. Kupanga enkoda ni kuamua utupe kiasi gani. Priseti ni uamuzi huohuo, ila wengine wameshakuamulia.

Na watu hao tusiwadharau. Enkoda inayotumiwa na Audacity inaitwa LAME, ilianza mwaka 1998, na priseti zake zilipangwa na watu waliokaa wakisikiliza na kulinganisha, tena na tena. Hata Karlheinz Brandenburg, mmoja wa Wajerumani waliotengeneza MP3, alijipima kwa wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", kwa sababu ile sauti ya mwanamke anayeimba bila ala yoyote ilikuwa inaharibika vibaya. Kwa hiyo ndani ya priseti kuna masikio ya watu.

Ukifungua Audacity utakuta nne: ile ya juu kabisa, kilobiti 320 kwa sekunde, Extreme, 220 hadi 260, Standard, 170 hadi 210, na Medium, 145 hadi 185. Hizi tatu za mwisho zinapanda na kushuka zenyewe. Ngoma na gitaa zikiingia pamoja, zinatumia biti nyingi. Mtu akinyamaza, zinapunguza. Kazi hiyo ya sekunde kwa sekunde hakuna mtu anaiweza kwa mkono. Nikirekodi kwaya ya kanisa, nabonyeza Standard na naenda kula chakula changu.

Sasa shida iko wapi? Priseti hizo ziliwekwa kwa kufikiria muziki. Hazijui kama kwenye odio yako kuna mtu mmoja tu anasoma tangazo, wala hazijui bei ya mega. Fanya hesabu: chukua kilobiti, zidisha kwa sekunde zote, gawanya kwa 8. Dakika 10 kwa 320 ni MB 24. Dakika hizohizo kwa 64, mono, ni MB 4.8. Na mtu anayeongea peke yake, kwa 64 mono utamsikia vizuri kabisa.

Kuna shirika moja lilituma tangazo la kuhakiki karatasi za familia, odio nzito ya namna hiyo. Mama mmoja kule Mahama aliniambia: "Mwanangu, mega zangu ziliisha kabla haijafunguka." Tarehe aliisikia kwa jirani, siku ya mwisho, akakimbia na watoto wawili mkononi. Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hapa nawaomba mtusikie. Ile MB 19 ya ziada haikuongeza hata neno moja kwenye tangazo.

Lakini na ninyi wa mkono, polepole. Kuna anayeweka 320 kwenye odio aliyoirekodi kwa simu katikati ya soko. Hapo anahifadhi kelele za soko kwa ubora wa juu. Mwingine anataka faili ndogo sana, anashusha MP3 mpaka 16, halafu "s" na "sh" zinalia kama maji yanayochemka. Ukihitaji udogo wa namna hiyo, tumia Opus, iliyotoka mwaka 2012. Kwa kilobiti 24 tu inashika maneno vizuri, na ndiyo hiyo inayotumika kwenye odio za WhatsApp.

Mimi nafanya hivi. Naanza na priseti kama ni muziki. Kama ni maneno, natoka kwenye priseti na kubadilisha vitu viwili tu: mono, na kilobiti 64. Vingine vyote naviachia enkoda, inajua kuliko mimi. Kisha naituma kwanza kwenye simu ya bei ndogo, naisikiliza bila heedifoni, karibu na barabara ya Nyamirambo yenye moto zinazopita. Maneno yakisikika pale, yatasikika na kambini.

Jambo la mwisho ni wazee wetu. Tunapowarekodi wakisimulia walivyotoka Masisi au Uvira, ile ya kutuma ibane, lakini WAV usiifute. Kilichotupwa na enkoda hakirudi, na ukibana MP3 mara ya pili inazidi kuharibika. Wazee hao hawatakuwepo siku zote kutusimulia tena. Mwenye diski yenye nafasi, aniandikie, tuna mazungumzo 6 yanayosubiri mahali pa kukaa.