Tulivyomsindikiza Mwenzetu Kikaoni

Katika jarida hili tumeshaandika juu ya baridi, mitihani, nauli za kwenda nyumbani na ugali wa kubahatisha. Juu ya pombe hatuandiki, ingawa sote tunajua kwamba wapo miongoni mwetu ambao imewashinda nguvu. Sisi watatu tunaokaa nyumba moja tumekubaliana tuliseme. Mwenzetu wa nne, ambaye habari hii ni yake, ameisoma kabla yenu na ameiridhia, mradi jina lake na nchi yake visitajwe.

Alianza kwa kunywa mwisho wa juma kama wengine. Kufikia muhula wa pili alikuwa akinywa kila usiku, peke yake, mlango umefungwa. Asubuhi mikono ilimtetemeka hata kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili. Tulimfanyia kama tulivyolelewa: tulimkalisha chini, tukamsema, tukamkumbusha jasho la wazazi wake. Alitusikiliza kwa adabu, akakubali kila neno, na kesho yake akanywa.

Hatimaye alikubali kumwona daktari wa chuo, na hilo tunawasihi mlishike. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona daktari, maana anaweza kupata degedege, na wapo wanaokufa. Alipewa dawa za siku chache, kisha akaambiwa atafute kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe.

Hapa tulipo vikundi hivyo ni vingi. Alcoholics Anonymous, kinachojulikana kuliko vyote, kilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, katika jimbo hilihili la Ohio tunalosoma, na watu wawili walioshindwa na pombe: Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa soko la hisa, na Bob Smith, daktari mpasuaji. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa, mwenye kitu hutia, asiye nacho hukipitisha kwa jirani. Kuna vikao vya faragha, vya wale tu wanaotaka kuacha, na vikao vya wazi ambavyo hata msindikizaji huruhusiwa kuingia. Tulichagua cha wazi.

Kilichomzuia mwenzetu kwa wiki mbili nzima kilikuwa hofu ya viza. Aliamini jina lake litaandikwa mahali na kufika ubalozini. Ukweli ni kwamba kikundi hakiweki orodha ya wanachama, na watu hujuana kwa jina la kwanza tu. Cha kuhatarisha viza ni kukamatwa ukiendesha gari umelewa. Hilo limewahi kuwafutia wanafunzi viza zao.

Kikao cha kwanza hakikutufaa. Karibu wote walikuwa wazee wastaafu wanaojuana kwa miaka mingi, na mwenzetu hakufungua mdomo. Cha pili kilikuwa chini ya kanisa moja, viti vya kukunja, kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Alikuwapo fundi bomba, muuguzi na vijana wa umri wetu. Kila mmoja alisema kwa dakika chache yaliyompata, wengine wakamshukuru, akafuata mwingine. Hakuna aliyemkatiza mwenziwe, wala kumshauri, wala kumkaripia. Kwetu kikao cha ukoo humweka mkosaji katikati na wazee wakamzunguka kwa maneno. Pale kila aliyesema alikuwa mkosaji, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kuhukumu. Kutoka nje tuliambiwa jambo moja: yaliyosemwa humu yabaki humu. Sisi tunalo neno la hilo tangu zamani, nalo ni sitara.

Mwenzetu alisema katika kikao cha tatu, kwa Kiingereza. Tukiwa njiani kurudi tulimpongeza. Akatujibu, "Kwa Kiingereza ni rahisi, lile neno haliniumi. Niambieni niseme kwa Kiswahili kwamba mimi ni mlevi, mimi mtoto wa mama yule." Tulinyamaza. Mlevi kwetu ni mtu wa kuchekwa, anayeimba njiani usiku huku watoto wakimfuata. Siku hizi wataalamu husema mraibu, neno lisilo na kicheko ndani yake, na sisi tumeanza kulitumia nyumbani. Lakini yeye alichagua mwenyewe. Usiku mmoja alituambia jikoni, kwa Kiswahili, "Pombe imenishinda, nisaidieni." Hakuhitaji jina lolote.

Hatuwadanganyi kwamba mambo yalinyooka. Wiki ya sita alikunywa. Alirudi kikaoni Jumanne iliyofuata, akasema amekunywa, akapokea upya sarafu ya mwanzo, na watu wakampigia makofi yaleyale. Leo anayo ya siku 90. Anaye pia mlezi, mtu aliyeacha pombe miaka mingi, ambaye anaweza kumpigia simu hata saa nane ya usiku. Sisi nasi tulijua baadaye kwamba ndugu na marafiki wana kikundi chao, Al-Anon, tangu 1951. Tumekwenda huko mara kadhaa. Tumejifunza kuacha kuhesabu chupa zake na kumwagia pombe yake sinkini.

Zile hatua 12 zinazofuatwa vikaoni humtaja Mungu, lakini kila mtu huachiwa amfahamu kwa namna yake. Tumekaa na Wakristo, Waislamu na wasio na dini. Asiyependa njia hiyo atapata vikundi vingine visivyogusa dini kabisa, kama SMART Recovery. Na msidhani ni mambo ya Wamarekani tu: Kenya vipo vikao kama hivi, na Zanzibar zipo nyumba ambamo waraibu wa dawa za kulevya huishi pamoja wakifuata hatua hizohizo.

Ikiwa unasoma haya na mikono yako inatetemeka asubuhi, mwambie mmoja wetu baada ya mkutano wa chama. Hatutakuuliza mengi. Kikao ni Jumanne saa moja jioni, gari lina nafasi moja, na hatutamwambia mtu.