Barua ya Mwombaji wa Kazi ya Misitu

Kitenzi omba hubeba mengi kuliko umbo lake fupi linavyoonyesha. Kanisani, maombi hupelekwa kwa Mungu. Kando ya barabara, ombaomba huyapeleka kwa mpita njia. Na kijana aliyemaliza chuo huyapeleka kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Dodoma. Wote watatu tumewapa kitenzi kimoja. Sidhani kwamba huo ni umaskini wa lugha, ila nimeona jinsi kitenzi hicho kinavyoweza kumwinamisha mwandishi wa barua ya kazi, akaandika kama anayenyoosha mkono ilhali anacho cha kutoa.

Mpwa wangu ana stashahada ya misitu kutoka Chuo cha Misitu Olmotonyi, kule kwenye miteremko ya Mlima Meru. Aliona tangazo la nafasi za kazi, akanijia zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Lilikuwa ombi lake la tatu. Mawili ya mwanzo hayakumfikisha kwenye usaili.

“Mjomba, wewe ni mtu wa maneno,” alisema. “Nisomee barua yangu.”

Mwombaji wa siku hizi hafungi bahasha. Hufungua akaunti mtandaoni kwa namba ya utambulisho wa taifa yenye tarakimu 20, kisha hujaza kisanduku baada ya kisanduku: elimu, mafunzo, lugha, uzoefu, wadhamini watatu. Awe raia, na umri wake usizidi miaka 45. Vyeti hupakiwa vikiwa vimethibitishwa na mwanasheria. (Nalipenda neno hili pakia. Kule Mufindi hupakia magogo kwenye lori, huku tunapakia cheti cha kidato cha nne, na jasho linakaribia kulingana.) Katika visanduku hivyo mtu wa maneno hana la kuongeza. Ni kama ukwapi na utao: nafasi imekwisha kupimwa, nawe unatia kinachoenea. Mahali pamoja tu pana uhuru, nako ni kwenye barua.

Tangazo husema barua itiwe saini na iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Hiyo “au” wengi huiruka kana kwamba haikuandikwa. Binti huyu alikuwa nazo mbili: ya Kiingereza, aliyoipata kwa rafiki akabadilisha jina, na ya Kiswahili, ambayo ilikuwa tafsiri ya hiyohiyo. Ya Kiswahili ilianza hivi: “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.”

Wapenzi wa lugha mnaijua sentensi hiyo, na najua wengine mmekwisha kuikunjia uso. Husika ni kauli ya kutendeka ya husu. Inaeleza hali ya jambo, nasi tumeigeuza amri, tena tunampa mtu tunayemnyenyekea. Ni sawa na kusimama mbele ya gogo na kuliamuru lipasuke. Na kichwa cha habari kina nini cha kuhusika nacho, ikiwa mstari mmoja tu chini yake mwandishi atakirudia chote? Baada ya hapo barua ilisema kwamba yeye ni mchapakazi, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa. Nilimwuliza ni shinikizo gani. Alicheka.

“Ndivyo barua zote zinavyoandikwa, Mjomba.”

Nikamwambia aiweke simu kando anisimulie alichofanya kwenye mafunzo kwa vitendo. Alikuwa amepelekwa Sao Hill, Mufindi, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini. Hapo ndipo nilipousikia msamiati ambao barua yake ilikuwa imeuficha. Alianzia kitaluni: kuchekecha udongo, kujaza viriba, kusia mbegu za msonobari, kuhamisha miche, kisha kuipunguzia kivuli na maji kidogo kidogo ili izoee jua kabla ya kupelekwa shambani. Akaja kwenye kupogolea, yaani kukata matawi ya chini mti ukiwa bado mchanga, ili mbao yake isijae vifundo. Akaeleza wanavyopima kipenyo kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na kwamba penye mteremko mpimaji husimama upande wa juu wa mti. Mimi nimeishi miaka hamsini kati ya miti na sikujua kwamba mti una kifua.

Kisha akataja moto, kwa kupita tu. Kiangazi kile walifyeka njia za kuzuia moto, na usiku mmoja moto ulivuka kutoka kwenye mashamba ya jirani. Walikesha wakiupiga kwa matawi mabichi, yeye akitumwa kuhesabu watu kila baada ya muda ili asipotee mtu ndani ya moshi.

“Na hili halimo kwenye barua?”

“Nilidhani hilo ni hadithi, Mjomba.”

Tuliandika upya usiku ule. Vivumishi vyote vikaondoka, vikaingia vitenzi: nilisia, nilipogolea, nilipima, nilifyeka, nilihesabu. “Chini ya shinikizo” ikatoka, moto ukakaa mahali pake kwa sentensi mbili.

Kuhusu lugha, tulibishana. Aliogopa kwamba msomaji wa Dodoma, akiona Kiswahili, atamdhania hajui Kiingereza. Nilimjibu kwamba masomo yake yote ya chuo yalikuwa kwa Kiingereza na vyeti vyake vinashuhudia hilo. Barua iseme kisichosemwa na vyeti. Lakini hofu yake haikuwa ya bure. Barua ya Kiingereza bado husomwa na wengi kama suti, na sikuwa na hakika kwamba anayepitia maelfu ya barua hupata nafasi ya kumsikia mtu. Isitoshe, si mimi ambaye ningekosa kazi. Nilinyamaza aamue. Alizisoma zote mbili kwa sauti, ya Kiingereza akajikwaa mara mbili kwenye maneno ya rafiki yake, kisha akapakia ya Kiswahili.

Jambo moja alinikatalia. Nilitaka “naomba kazi” igeuzwe iwe “najitokeza kwa kazi”.

“Liache, Mjomba. Kazi ni yao, nami naiomba.”

Likabaki.

Hadi ninapoandika haya hajaitwa kwenye usaili, wala hajaambiwa kwamba hakuchaguliwa. Ila neno moja lilitusumbua, nami nalileta kwenu. Miti ikishasongamana, baadhi hukatwa ili iliyobaki ipate mwanga na kunenepa. Mpwa wangu aliandika “kupunguzia miti”. Ni sahihi, lakini naliona jepesi mno kwa kazi inayotaka jicho la kuujua mti gani uende na upi ubaki. Wasomaji mlio Mufindi, Njombe na Shume, nanyi mliozoea misitu ya Kenya, wafanyakazi wenyewe hulitumia neno gani? Niandikieni, pamoja na sentensi mliyolisikia ndani yake.