Ryzen, Core na udongo wa Rubaya

Hapa Liège watu wana kambi zao za prosesa, na wanazitetea kwa moyo wote. Mpwa wangu anajiundia kompyuta ya gemu, kwa hiyo nyumbani kwetu wimbo ni mmoja: Intel au AMD, Core au Ryzen. Anakesha na video, ana jedwali la bei, anajua kila prosesa inakula wati ngapi.

Wiki hii nilimsindikiza dukani. Muuzaji alitufungulia sanduku, akainua ubao mama kwenye mwanga ili tuone soketi. Vipini vyembamba kama nywele, mamia kwa mamia. Kimoja kikipinda, ubao umekwenda. Akasema AMD inamjali mnunuzi: soketi ya AM4 ilitoka 2016, na miaka mingi baadaye watu walikuwa bado wanabadilisha prosesa bila kutupa ubao. Mteja wa nyuma yetu akaingilia kuitetea Intel. Akajibiwa kwa yale ya 2024, Intel ilipokiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaharibika kwa kupata volti kupita kiasi, ikaongeza dhamana miaka 2. Mjadala ukaendelea, na hakuna aliyetuharakisha.

Uangalifu ule niliupenda, niseme kweli. Kwetu, mashariki mwa Kongo, mashini inanunuliwa okazi, imeshatumika, Birere, Goma, na swali ni moja: inashika chaji? Shangazi yangu ana sekretaria Walikale, anapiga chapa na kutoa fotokopi kwa jenereta. Anajua mashini yake ni HP. Cha ndani hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kilichonichoma pale dukani ni jibu nililopewa nilipouliza tantalum, metali iliyo ndani ya prosesa, inatoka wapi. Muuzaji aliyejua hesabu za soketi zote aliniambia kwa upole kwamba hiyo haiandikwi kwenye sanduku.

Lakini imo. Nyaya za shaba ndani ya prosesa, zile za unene usioonekana kwa macho, zimevishwa utando wa tantalum ili shaba isipenye kwenye silikoni. Na bati ndilo linaloiunganisha prosesa na vilivyo chini yake. Koltani, mawe ya tantalum, ni Rubaya, Masisi. Kasiteriti, mawe ya bati, ni Bisie, Walikale. Sidai kwamba kila prosesa ina mchanga wetu. Madini yakishayeyushwa pamoja hakuna wa kuyatenganisha. Lakini Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantalum ya dunia, na mwishoni mwa Aprili 2024 ilianguka mikononi mwa waasi wa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ushuru wa koltani unawaingizia kama dola 800,000 kwa mwezi. Machi 2025, M23 walipokuwa wanaikaribia Walikale, kampuni ya Alphamin ilifunga mgodi wa Bisie kwa wiki kadhaa, na bei ya bati ikapanda dunia nzima. Dunia nzima! Na dukani tunabishana soketi.

Isitoshe, kambi zenyewe zinakutana mlango mmoja. AMD haina viwanda vyake tangu 2009. Prosesa zake zinatengenezwa na TSMC, Taiwan. Na Core Ultra 200 za mezani ambazo Intel ilizitoa 2024, sehemu yake yenye viini vya hesabu ilitengenezwa na TSMC hiyo hiyo.

Intel angalau iliwahi kulisema jambo letu hadharani. Januari 2014, Las Vegas, mkuu wake wa wakati huo, Brian Krzanich, alitangaza kwamba prosesa zake hazitakuwa tena na madini yanayolisha vita vya Kongo. Nililifurahia tangazo lile, na bado naona ni heri kusema kuliko kunyamaza.

Ila baba mdogo hakulifurahia, maana yeye yalikuwa yameshamkuta. Alikuwa akinunua kasiteriti Njingala, ikiwa imeshuka kutoka Bisie kwa migongo ya watu, magunia ya kilo 50 kupitia msituni, kisha akaipeleka Kilambo, pale ndege ndogo zilipotua katikati ya barabara ya lami. Septemba 2010 Kabila, rais wa wakati huo, akasimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema. Machi 2011 amri ikaondolewa, lakini wanunuzi wakubwa walikuwa wameshaiogopa sheria mpya ya Marekani juu ya madini ya vita, na makontwari ya Goma, nyumba za kununua madini, hayakutaka tena mzigo usio na lebo ya ulikotoka. Magunia yake yakalala sebuleni. Binamu zangu wakafukuzwa shule kwa kukosa minervali, karo ya shule. Na wenye bunduki? Wakaendelea kuwa na bunduki.

Mpwa wangu amechukua Ryzen, na amechagua vizuri. Kisha tulikaa tukatafuta ripoti za madini ambazo AMD na Intel huwasilisha kila mwaka Marekani, zenye orodha ndefu za viwanda vya kuyeyushia. Nimemwambia aziandikie kampuni zote mbili, aulize Rubaya kwa jina, na vijana wenzake waulize pia.

Nilipomsimulia baba mdogo kwa simu, aliniuliza jambo ambalo bado sina la kumjibu: wakijua yametoka kwetu, watayanunua vizuri, au watatukimbia tena?