Kwa nini pasi ya Senje ilikuwa ikinguruma

Wiki hii tuache kompyuta kidogo. Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata wanivumilie, iko njiani. Leo nataka kuzungumzia pasi. Ndiyo, pasi ya nguo, ile ya mvuke, na hasa kelele zake, kwa sababu nimeona watu wanatupa pasi nzima kwa kutojua kelele ipi ni ya kawaida na ipi ni ugonjwa.

Mwenye pasi ni senje wangu (kwa wasio Waluhya: shangazi, dada yake baba). Alishona nguo Mombasa kwa miaka mingi, kisha akarudi nyumbani Kakamega na cherehani mbili na pasi moja ya mvuke, ile aina yenye tangi la maji kando na mpira mrefu unaopeleka maji hadi kwenye pasi yenyewe. Amepanga vyumba viwili kwenye ploti moja huko Amalemba. Mbele anashona, nyuma analala. Kazi yake kubwa ni sare za shule. Upande wa pili wa ukuta anaishi Sista, muuguzi wa zamu ya usiku, kwa hiyo mchana wetu ndio usiku wake.

Pasi ilipoanza kunguruma kama kinu cha posho, Sista alivumilia. Kisha akabisha hodi. Kisha akaenda kumwona mwenye ploti, naye akatoa neno lake: kelele isipokwisha, mama wa cherehani atafute kwingine.

Hapo Senje akabuni ujanja. Wanaoijua Kakamega wanaijua mvua yetu, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na siku nyingi huja alasiri. Mvua ikishapiga mabati, hata ukitwanga mahindi jirani hasikii. Basi Senje akawa anashona asubuhi, anarundika nguo, halafu anangoja mvua ndipo apige pasi. Radi nazo ni shida nyingine, maana hapa kwetu zinapiga sana na mtu mwenye akili huchomoa vitu vya stima zikianza. Kwa hiyo alihitaji mvua isiyo na radi. Jaribu kuendesha biashara kwa masharti hayo.

Ujanja huo una mwisho, na mwisho wake ni Januari. Januari mvua hupungua, na Januari ndio mwezi ambao wazazi wote wa mji huu wanataka sketi za marinda kwa siku moja. Marinda bila mvuke hayakai. Pasi ya makaa anayo, ile yenye kijogoo mbele cha kufungia mfuniko, na haina kelele hata kidogo, lakini chembe moja ya jivu kwenye shati jeupe ni kufua upya. Fundi mmoja alikuwa amemwambia pampu imekufa, alete shilingi 3,500 au anunue nyingine. Senje akanipigia simu: "Wewe si ulisomea kompyuta?"

Nilisomea, lakini shahada ya sayansi ya kompyuta haina somo la pasi. Kwa watu wa nyumbani, kitu chochote chenye waya ni kompyuta. Nilienda.

Jambo la kwanza kabla ya kushika bisibisi ni kusikiliza. Pasi ile ilikuwa na sauti tatu, na Senje alizitaja zote kwa neno moja, "kelele". Nilimwomba aiwashe nikakaa kimya. Sauti ya kwanza ni "tik" inayokuja kila baada ya muda. Hiyo ni thamostati. Ndani yake mna vyuma viwili vya aina tofauti vilivyobanwa pamoja. Vikipata joto kimoja hurefuka kuliko kingine, kipande chote kinapinda na kukata stima. Vikipoa vinanyooka na stima inarudi. Ndivyo pasi inavyojua nukta moja ni takriban nyuzi 110, mbili 150 na tatu 200. Ikiacha kufanya "tik", hapo ndipo pa kuogopa.

Sauti ya pili ni kuchachatika, kama mafuta yanayorukiwa na maji, pamoja na matone meupe kwenye nguo. Hiyo ni chokaa, nitairudia. Ya tatu ndiyo iliyompeleka Sista kwa mwenye ploti. Ni mngurumo unaoanza kila Senje anapobonyeza kitufe cha mvuke.

Sasa niieleze pampu, maana hapa ndipo penye utamu. Pampu ya pasi kama hii haina mota inayozunguka. Ni koili ya waya iliyozungushiwa bomba, na ndani ya bomba mna pistoni ndogo ya chuma na springi. Stima yetu Kenya ni volti 240, mawimbi 50 kwa sekunde. Daiodi hukata nusu ya kila wimbi, kwa hiyo koili huwa sumaku mara 50 kwa sekunde. Sumaku inavuta pistoni, springi inairudisha, na vijilango vya upande mmoja huhakikisha maji yanaenda mbele tu. Mashine nyingi ndogo za kahawa ya espreso hutumia pampu ya aina hii hii. Yaani hata ikiwa nzima, ni nyundo ndogo inayogonga mara 50 kila sekunde. Swali si kwa nini inapiga kelele, bali kwa nini imezidi.

Kwa tabia yangu nilirekodi sauti kwa simu, nikaandika mistari michache ya Python ya kuchora grafu ya mawimbi. Ilitoka picha nzuri sana: kilele kwenye hezi 50, kingine 100, kingine 150, na kuendelea. Maana yake pampu ilikuwa inafuata stima vizuri, haikosi pigo hata moja. Kwa maneno mengine haijafa. Hilo lilikuwa na thamani ya shilingi 3,500 za fundi. Lakini grafu haikuniambia zaidi ya hapo. Kilichoniambia ni blanketi.

Nilikunja blanketi mara nne, nikaweka tangi juu yake, nikamwambia Senje abonyeze. Mngurumo ukashuka hata yeye akacheka. Pampu ile ile, stima ile ile. Kumbe kelele nyingi haikuwa inatoka kwa pampu kwenda hewani. Ilikuwa inashuka kwenye kasha la plastiki, kwenye meza, na meza yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta wa Sista. Meza ya mbao iliyoshikana na ukuta ni kama ngozi ya ngoma. Kazi ya kwanza ya matengenezo, kabla ya kufungua skrubu hata moja, ilikuwa kuvuta meza hatua moja kutoka ukutani. Bure.

Jaribio la pili: tangi likijaa kelele hupungua, likifika nusu huzidi. Hiyo ni dalili kwamba pampu inavuta hewa pamoja na maji. Maji huizuia pistoni isigonge mwisho wa bomba kwa nguvu. Hewa haizuii kitu. Tena maji ndiyo yanayoipoza pampu, kwa hiyo inayovuta hewa kila siku siku moja itaungua kweli, na fundi atakuwa amesema kweli.

Haya, kufungua. Nawaomba msinifuate kama hamjui mnachofanya, na mnaojua bado nisikilizeni. Chomoa plagi kabisa, usizime swichi tu. Acha saa nzima ipoe. Mwaga maji yote. Kasha lilifungwa kwa skrubu zenye umbo la nyota na kidude katikati, zile ambazo kampuni huweka ili wewe usifungue kitu ulichokinunua kwa pesa yako (haya ni mazungumzo ya siku nyingine, lakini wanaopenda programu huria wananielewa). Bisibisi zake zinauzwa mjini kwenye maduka ya kutengeneza simu. Piga picha kabla ya kuchomoa waya wowote. Na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, lazima urudi pale pale. Pasi ni chuma, maji na volti 240 mkononi mwa mtu. Vilevile kuna kifyuzi cha joto kinachokatika pasi ikizidi moto. Kuna mafundi hukikuta kimekatika wakaunganisha waya moja kwa moja, nayo inafanya kazi. Itafanya kazi hadi siku itakapochoma nyumba.

Ndani nilikuta mambo mawili. Chujio la chini ya tangi lilikuwa limezibwa na utelezi na nyuzi za nguo (chumba cha fundi cherehani kina nyuzi kila mahali, hata kwenye chai). Ndiyo maana pampu ilikuwa inahangaika na kuvuta hewa. La pili, pampu ilitakiwa kuning'inia kwenye vipande viwili vya mpira, kimoja kila upande, ili isiguse kasha. Mpira mmoja ulikuwa umekauka na kupasuka, na pampu ilikuwa imelala moja kwa moja juu ya plastiki. Mara 50 kwa sekunde.

Chujio nililisugua kwa mswaki wa zamani. Mpira nilienda kwa fundi wa baiskeli karibu na soko, akanipa kipande cha tyubu iliyochakaa, hakutaka pesa. Nilikata viduara vinne kwa mkasi wa Senje (aliniangalia vibaya sana, mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine), nikavifuata vipimo vya mpira mzima, viwili viwili kwa unene. Kosa la kuepuka hapa ni kuibana pampu sana. Inatakiwa ichezecheze kidogo. Ukiikaza isitikisike, mtikisiko wote unarudi kwenye kasha na umerudi ulikotoka. Chini ya kasha nilibandika miguu minne ya tyubu hiyo hiyo.

Sasa chokaa. Pwani imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake hubeba chokaa nyingi. Maji hayo yakipashwa moto, ile iliyoyeyuka hugeuka kalisiamu kaboneti na kuganda. Ni ule ukoko mweupe wa kwenye birika. Tangi na pampu ni baridi, hazikuwa na shida hiyo, lakini ndani ya uso wa pasi chokaa ya miaka ya Mombasa ilikuwa imejaa. Wengi wangemimina siki. Kitabu cha pasi hii (nilikipata kwenye intaneti) kinakataza siki waziwazi, na pasi nyingi ziko hivyo, kwa sababu asidi huweza kula rangi na chuma cha ndani. Njia yake ni maji safi tu: pasha hadi mwisho, chomoa, iache ipoe kabisa, ndipo ufungue kizibo cha kusafishia na kuitikisa juu ya karai. Yalitoka mapande meupe kama maganda ya mayai. Turudie mara tatu, siku tatu, hadi maji yakatoka safi.

Na maji ya kutumia? Senje alipendekeza ya mvua, maana tunayo ya kutosha na hayana chokaa. Kwa chokaa yuko sahihi. Lakini mvua ikishapita kwenye mabati inabeba vumbi, majani na mavi ya ndege, na uchafu huo ukiungua ndani ya pasi hutoka kama madoa ya kahawia kwenye shati. Kitabu nacho kinakataza. Nilimwonyesha kipimo changu, kisicho na maabara: tazama birika lako. Birika la Senje alilonunua baada ya kurudi Kakamega, limechemsha maji ya bomba zaidi ya mwaka, na ndani bado linang'aa. Lile alilokuja nalo kutoka Mombasa ni jeupe kama limepakwa rangi. Maji yasiyoacha ukoko kwenye birika hayataacha mwingi kwenye pasi. Kwa hiyo bomba linatosha, yachemshwe, yatulie, yachujwe kwa kitambaa. Ukiwa Mombasa jibu lingine, nunua ya chupa yaliyoondolewa madini.

Jambo moja lilinishtua kuliko pampu: waya wa ekstensheni. Pasi hii ni wati 2,400, gawanya kwa 240 upate ampia 10, na yeye alikuwa anaichomeka kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, pamoja na taa ya cherehani. Niliishika ilikuwa na joto. Sasa pasi iko peke yake kwenye soketi ya ukutani.

Tulijaribu saa tano asubuhi, jua kali, bila wingu. Senje alibonyeza mvuke kwa dakika kumi mfululizo huku mimi nimesimama nje kwenye mlango wa Sista nikisikiliza. Nilisikia mvumo mdogo, kama friji. Jioni Sista alipotoka kwenda zamu, Senje alimsalimu na kumuuliza kama alilala.

"Nililala. Kwani leo hukufanya kazi, mama?"

Sketi 43 zilikuwa zimetundikwa nyuma yake.

Mpira wa tyubu utakauka pia, joto na mafuta hayauachi. Nimekata viduara vingine vinane, viko kwenye mkebe wa vifungo, na Senje ameandika tarehe kwa chaki kwenye mfuniko.