Mzee Majuto na Kicheko cha Kitaya

Sisi tuliokulia Kitaya, ukingoni mwa Mto Ruvuma, hatukuwahi kumwona King Majuto ana kwa ana. Yeye mtu wa Tanga, sisi watu wa mpakani huku Mtwara. Lakini muulize kijana yeyote wa rika letu, atakuigizia namna mzee yule alivyotoa macho, alivyonuna, alivyomkaripia kijana aliyekuja kumtaka binti yake mikono mitupu. Tulimwona kwenye banda la video, jenereta likinguruma nje, tumebanana kwenye mabenchi, Waislamu na Wakristo. Mara nyingi tulianza kucheka hata kabla hajafungua kinywa.

Jina lake lilikuwa Amri Athuman. Alizaliwa mwaka 1948 na alianza kuigiza angali mtoto. Hakuwa mtanashati wa filamu za mapenzi. Alikuwa baba mkali, babu mchoyo, mzee mjanja anayenaswa na ujanja wake mwenyewe. Alipocheza na Sharo Milionea, kijana wa Muheza mwenye mbwembwe za mjini, tulipata vichekesho ambavyo kwetu bado havina mfano: mzee hamwelewi kijana, kijana hamwelewi mzee, na kila mmoja anajiona ndiye mwerevu. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2012. Mzee akamfuata siku ya Nanenane, mwaka 2018, pale Muhimbili, wiki moja tu baada ya kutimiza miaka 70.

Darasani tunasoma kwa Aristotle kwamba kati ya viumbe hai, binadamu peke yake ndiye anayecheka. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda mbele zaidi. Kwake, roho nayo huchoka kama mwili, na mchezo ndio pumziko lake. Mtu asiyecheka kamwe, na anayewanunia wanaocheka, ana kasoro. (Wapo wa namna hiyo hata seminarini, lakini tuyaache.) Tena anasema kazi ya waigizaji ni halali ikifanywa kwa kiasi, na anayewalipa stahili yao anatenda haki. Hapo tunamkumbuka Mzee Majuto kwa uchungu. Alipokuwa mgonjwa, Waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba yake na ya wasanii wengine. Nchi nzima ilikuwa imecheka miaka mingi kabla ya kuuliza mchekeshaji anapata nini.

Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto kutoka upande wa Msumbiji, wakaua watu kijijini kwetu na kuchoma nyumba. Ndugu zetu wakakimbia. Waliporudi, hakuna aliyekuwa na hamu ya kuwasha jenereta.

Jioni moja jirani yetu mzee alikuwa akipekuapekua bati zilizoungua. Ghafla akaanza kunung'unika kwa sauti ya Majuto, akimlaumu jogoo wake aliyetoroka bila hata kuaga. Watu wakainamisha vichwa. Mama mmoja aliyekuwa amefiwa akacheka, akalia, akacheka tena.

Baadhi yetu waliona haikufaa, matanga yalikuwa bado hayajapoa. Tumebishana sana juu ya jambo hilo, na wengi wetu tunasimama upande wa yule mama. Ndiye aliyemwambia mzee arudie, na mzee akarudia, safari hii kwa sauti ya jogoo mwenyewe akijitetea.