FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA: HAKI YA JIRANI UGHAIBUNI



Ndugu zangu mnaoishi ughaibuni, nanyi wazazi wenye watoto huko, leo tumzungumze mtu anayelala nyuma ya ukuta wako.

Mimi nimeishi Deira, Dubai, miaka sita. Anayeijua Deira anajua. Kwenye ngazi moja unapishana na Mpakistani, Mfilipino, Mhabeshi, Mnepali na Mganda. Dukani, Kihindi na Kiurdu hukufikisha mbali kuliko Kiarabu ulichosoma chuoni. Ukivuka khori kwa abra, kwa dirham moja, mnakaa ubao mmoja na watu ambao hamna lugha ya pamoja.

Lakini jioni kila mmoja hurudi kwa watu wake. Sisi wa Pwani tuna kundi letu la WhatsApp, watu wa Kerala wana lao. Hilo si kosa, mtu hupenda lugha yake. Shida ni pale mnapoishi mlango kwa mlango miaka mitano, na hujui mwenzako yu mzima au mgonjwa.

Mwaka wangu wa pili nilishikwa na homa kali. Wenzangu wa chumbani walikuwa likizo. Siku mbili sikuweza kusimama, na simu ilikuwa imezima. Kundi letu lina watu zaidi ya mia mbili, na wallahi wananipenda. Nani angejua? Aliyejua ni mzee wa mlango wa pili, mtu wa Kerala, Mhindu. Aliona ndara zangu nje ya mlango hazijasogea tangu juzi. Akagonga mpaka nikafungua. Akanipa maji, akanishika mkono tukashuka hadi kwenye teksi, akakaa nami hospitali hadi usiku. Na alfajiri alitakiwa kazini.

Sasa tujiulize: mtu huyu ana haki gani kwetu?

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Allah ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Imamu Al-Qurtubi ameeleza kuwa wasia huu unamhusu jirani Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Na Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwamba Abdullah bin Amr (radhi za Allah ziwe juu yake), kulipochinjwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Hakungoja asilimu kwanza.

Na Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) alipomuuliza Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) ampe zawadi jirani yupi, aliambiwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Tazameni kipimo hicho. Ni mlango. Hakutaja kabila wala nchi.

Wako wanaoogopa: "Sheikh, si nitachanganya dini?" La. Katika ibada kila mmoja ana njia yake, na hilo halina mjadala. Sahani ya chakula si ibada ya masanamu. Mimi Ramadhani humpelekea mzee wangu mbaazi za nazi na mahamri, kwa sababu hali nyama. Nazi anaijua, kwao wanaipikia pia. Na huo nao ni wema: kujua jirani anakula nini kabla ya kumpelekea.

Basi wiki hii fanya mambo matatu. Jua jina la jirani wa kulia na wa kushoto. Mpe namba yako ya simu. Ukipika, ongeza maji kwenye mchuzi, kama Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alivyomuusia Abu Dharr.

Nawe mama uliyeko Mombasa, Tanga au Unguja, ukimpigia mwanao usimuulize mshahara tu. Muulize: "Jirani yako anaitwa nani?" Akikosa jibu, mwambie akagonge mlango.

Ewe Allah, walinde wasafiri wetu, wape majirani wema, na wajaalie wao wenyewe wawe majirani wema. Aamin.